Mpini unaozunguka: sponji ipi ikae wapi kwenye rodi ya boti

Rodi ya kisa hiki, yaani ufito wa kuvulia samaki, ni ya boti, blanki (ule ufito mtupu kabla ya kuvishwa kitu) ya faiba ya futi sita hivi, nzito, ya kuburuza chambo na mara moja moja kushusha jigi, kile chambo kizito cha chuma. Mwenyewe ni nahodha pale Kunduchi, ana boti ya faiba anapeleka wateja kuvua nje, nguru, jodari, kolekole, na upepo ukikaa vizuri wanafika mbali mpaka usawa wa kisiwa cha Latham. Rili yake, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ni ile ya ngoma inayokaa juu ya rodi, sio ya kuning'inia chini, na hilo mlishike kwa sababu lina maana kubwa huko mbele.

Malalamiko yalikuwa matatu ila yeye aliyaweka kwenye fungu moja. Sponji ya mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika ukiwa unapigana na samaki, ilikuwa inazunguka. Siti ya rili, pale rili inapofungwa kwenye rodi, ilikuwa inatoa mlio, tak, kila samaki akivuta ghafla. Na sponji ya nyuma ilikuwa imeliwa na lile bomba la chuma la kusimamishia rodi mpaka imebaki na mfereji wa kuizunguka kote. Akaniambia, "Fundi, mpini umechoka, niwekee sponji nyingine kama hii ila nzuri."

Sasa hapo kwenye "sponji nzuri" ndio ishu yote ilipo na ndio maana nakiandika kisa hiki kwa urefu, kwa sababu watu wengi wanaotengeneza au kukarabati rodi hapa Dar wanaingia dukani wanaminya sponji kwa kidole, ile inayoingia vizuri na kupendeza mkononi ndio wanabeba, halafu wanaivisha rodi nzima kuanzia mbele mpaka kitakoni. Mpini wa rodi ya boti una kazi tatu tofauti kabisa. Mbele mkono unakamata, katikati rili inabebwa, nyuma rodi inasukumwa kwenye bomba na kwenye mkanda wa kiunoni. Ukiweka sponji moja sehemu zote tatu, hata iwe ya bei gani, mbili kati ya hizo umezikosea.

Nikaupasua mpini kwa wembe mbele yake, huwa napenda mwenye rodi aone. Sponji ya mbele niliichana kwa urefu ikafunguka ikatoka nzima nzima, safi, bila kung'ang'ania popote. Gundi yote ilibaki kwenye blanki, ngumu, inang'aa, na ukiiangalia kwa karibu unaona alama za vitundu vya sponji zimejichapa juu yake lakini hamna hata chembe moja ya sponji iliyobaki. Maana yake gundi ilishika blanki vizuri sana ila sponji haikushikwa kabisa, ilikuwa imekaa tu juu kwa kubanwa, na siku ubanaji ulipolegea ikaanza kuzunguka.

Sponji yenyewe ilikuwa ya bluu, ile ile ya mikeka ya kulalia kambini, na hii ni polithini iliyopuliziwa hewa. Kuitambua sio kazi, ukiipapasa ina utelezi kama wa nta, ukiikunja inatoa sauti ya kukwaruza na mstari wa mkunjo unabaki. EVA, ile sponji ninayoitaka mimi kwenye mipini, haiko hivyo, ni jamii ya plastiki inayochanganya ethilini na vinaili asiteti, ukiikunja inarudi kama mpira na mkunjo unapotea wenyewe. Ile vinaili asiteti ndio inayoipa ulaini wa mpira na ndio hiyo hiyo inayofanya gundi ipate pa kushika. Polithini tupu gundi nyingi haziipendi, ikiwemo epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya chupa mbili, na ndio maana ndoo ya plastiki ikipasuka unahangaika na gundi za kila aina haizibiki.

Halafu polithini nyepesi ina tabia ya kukubali kubanwa moja kwa moja. Unaikamata kwa nguvu mara nyingi, inanywea, na hairudi unene wake wote. Kwahiyo kila safari tundu linazidi kulegea kwenye blanki huku na nje panazidi kuwa pembamba, unalazimika kukaza mkono zaidi ndio ukamate, na mkono unachoka kabla samaki hajachoka.

Na hapa ndio ile rili ya juu inaingia. Rili ikikaa juu na pete za mshipi ziko juu, mzigo ukivuta rodi inataka kujigeuza iwe tumbo juu mgongo chini, ni fizikia tu, mshipi unatafuta kushuka chini ya blanki. Kinachoizuia ni mkono wa kushoto pamoja na mkanda. Sponji ya mbele ikizunguka, mkono umekamata sponji lakini haujakamata rodi. Mteja wake mmoja aligeuziwa rodi na jodari namna hiyo, mshipi ukasuguana na ukingo wa boti ukakatika. Kwahiyo sponji inayozunguka kwenye rodi ya namna hii usiichukulie kama kero ndogo ya starehe, inapoteza samaki na inaweza kuumiza kiganja.

Tukaenda katikati. Siti ya rili siku zote ina tundu kubwa kuliko blanki, lazima kuwe na kitu cha kujaza nafasi. Fundi wa kwanza alijaza kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kaizungushia mfululizo bila kuacha nafasi, yaani bomba zima la karatasi. Ilikuwa imelowa. Tumeipasua ikatoka na maji na chumvi nyeupe kwenye kingo, na tabaka za juu zinateleza juu ya tabaka za chini. Ule mlio wa tak ulikuwa unatoka hapo, siti nzima inacheza kidogo juu ya karatasi iliyooza. Tepu ya karatasi mimi siilaumu kwenye rodi ya mtoni inayokamata perege, tena ukiiweka kwa pete fupi fupi na kuacha nafasi epoksi ijae katikati inadumu, ila kwenye chombo kinachorushiwa maji ya chumvi kutwa nzima hapana.

Mjomba wake nahodha alikuwepo siku hiyo, mzee wa siku nyingi wa mshipi wa mkono. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia, akakaa akasikiliza muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza swali zuri sana: "Sasa kijana, mbona ufukweni kumejaa ndala, hizo si sponji hiyo hiyo mnayoitafuta?" Na ni kweli, ndala nyingi ni EVA, Kenya kuna watu wa Ocean Sole wanaokusanya ndala zilizotupwa baharini wanachonga sanamu za wanyama na zinatoka nzuri mno. Lakini sanamu haizungushwi na jodari. Ndala iliyokaa baharini na juani imekakamaa juu, ndani bado laini, imejaa mchanga unaoua msasa wako na kuchimba mistari kwenye mpini, na kila ndala ina ugumu wake. Ukizipanga vipande vipande kwenye mpini mmoja halafu ukapiga msasa, zile laini zinaliwa zaidi na zile ngumu zinabaki juu, unapata mpini wenye matuta ambao hata ukirudia mara kumi matuta yanarudi pale pale. Nikamwambia mzee kwa heshima zote, wazo ni zuri kwa boya la wavu, kwa mpini tutafute shiti mpya ya ugumu mmoja. Akakubali.

Kwenye kuchagua shiti ndipo nataka nikae kidogo kwa sababu hapa mtu anaweza kuokoa hela nyingi. Wauzaji wengi watakuambia laini, ya kati, ngumu, na maneno hayo kila duka lina maana yake. Dawa ni kupima mwenyewe. Unakata kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 1, hiyo inakuwa sentimita za ujazo 100, unakiweka kwenye mzani mdogo wa kidijitali kama ule wa masonara, gramu unazopata zidisha kwa 10 na hapo umepata kilo kwa mita moja ya ujazo. Gramu 15 ni kilo 150. Shiti ikiwa na unene wa milimita 5 unapima vipande viwili kwa pamoja, hesabu ni ile ile.

Ile ya bluu iliyotoka kwenye rodi yake ilipima gramu 3 tu, yaani kilo 30, karibu yote ni hewa. Mkeka wa watoto wa kuunganisha kama chemsha bongo, ule wa rangi rangi, ulipima gramu 9. Shiti ya soli wanayotumia mafundi viatu, niliyoinunua Kariakoo, ilipima 19. Na mpini ulioagizwa nje ukiwa tayari umechongwa, niliokuwa nao kibandani, nikapiga hesabu ya ujazo wake ukaangukia kwenye kilo 150 na kidogo. Uzito peke yake hausemi kila kitu kuhusu ugumu ila kwa EVA na EVA unakuongoza vizuri sana, na ukiongezea kipimo cha kucha, unabonyeza kucha ya dole gumba kwa nguvu uhesabu mpaka tano uachie, ile alama ikipotea haraka sponji ina uhai, ikibaki achana nayo.

Nahodha aliogopa kwamba ngumu itakuwa nzito. Tukapiga hesabu hapo hapo. Sponji ya mbele ina urefu wa sentimita 30, nje kipenyo sentimita 3, ndani 1.5, ujazo wake unakuja kama sentimita 159. Kwa EVA ya kilo 150 ni gramu 24, ya kilo 200 ni gramu 32, na hata ile ya bluu ilikuwa gramu 5 hivi. Tofauti yote hiyo haifiki uzito wa jigi ndogo ya gramu 40. Kwenye rodi ya mtu anayerusha chambo kutwa mkononi gramu zina kelele, sikatai, lakini kwenye rodi ya boti yenye rili nzito ya chuma sponji sio mahali pa kubania uzito.

Vingine tulivitoa haraka. Sponji ya godoro vitundu vyake viko wazi, inakunywa maji, hapana. Yale maboya marefu ya kuogelea ni polithini ile ile. Koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, naiheshimu sana, inatoka kwenye gome la mti unaovunwa kila baada ya miaka 9 na Ureno ndio wanaongoza duniani, ikilowa inakamatika vizuri na haichoki, ila bomba la chuma linaimega vipande vipande na kwa hapa lazima uagize. Na kuna mipini mirefu myeusi kwenye rodi za zamani za Marekani ambayo wazee wa boti wanaiita Hypalon, aliulizia hiyo pia, nikamwambia Hypalon yenyewe kampuni ya DuPont waliacha kuitengeneza tangu 2010, kwahiyo leo akiuziwa kitu kwa jina hilo aulize vizuri ni mpira gani hasa.

Basi uamuzi ukawa hivi. Mbele EVA ya kati, ile ya 150, kwa sababu mkono unataka kuzama kidogo tu ukamate, na ikilowa kwa maji na damu ya chambo bado inakubali kushikwa, hasa ukiimaliza kwa msasa wa 240 na kuiacha na vinyweleo vyake. Watu wanapenda kuipitisha moto juu ili ing'ae, inapendeza dukani, lakini ule moto unafunga vitundu vya juu na mkono wenye kamasi la samaki unateleza. Nilikataa kuifanya hivyo japo aliomba.

Katikati hatukuweka sponji laini ya aina yoyote. Huko nje wanauza vijazio vya poliyurethini ngumu, nyepesi, haibonyei, haivunji siti, na ningekuwa nayo ningeiweka. Mtu akaniambia si tukate kwenye ukuta wa friji bovu maana ndani kuna poliyurethini, ni kweli ipo, lakini ile ni ya kuzuia joto, ni nyepesi sana, ukiibonyeza kwa kidole inasagika unga. Jina moja, kazi mbili tofauti. Nilichotumia ni tepu ya nyavu ya faiba, ile ya kuunganishia bodi za jipsamu inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Unaizungusha kwenye blanki huku unaipaka epoksi, gundi inapenya kwenye matundu ya nyavu inashika blanki chini na siti juu, ikikauka ni kitu kimoja kigumu. Karatasi hakuna, kwahiyo hakuna cha kuoza.

Nyuma ndio tulivutana kidogo. Yeye alitaka ifanane na mbele kwa uzuri. Mimi nilisema nyuma hakuna mkono unaokaa muda mrefu, kuna bomba la chuma linalosaga, weka ile ya soli ya 190, tena nyembamba, na mwisho kofia ya mpira mnene. Rangi zikatofautiana kidogo, mbele nyeusi, nyuma kijivu. Akaikubali alipokata kipande cha kila moja na kukisugua mwenyewe kwenye ukingo wa bomba, ile ya kati ilianza kutoa vipele mapema tu.

Shiti ya soli ni bapa, kwahiyo inabidi ukate visahani, utoboe katikati, uvigandishe. Gundi ya fundi viatu inashika EVA vizuri ila paka nyembamba kabisa, subiri ikauke isinatie kidole ndio ubandike, kwa sababu ikiwa nene ule mstari wa gundi una tabia tofauti na sponji, msasa unakula sponji unaacha gundi imesimama kama pete. Visahani nikavibana kwenye bolti ndefu, bolti kwenye drili, drili nimeifunga kwenye meza, msasa wa 80 kupata umbo, halafu 120, halafu 240. Mwendo wa taratibu. Ukikimbiza drili joto linayeyusha uso, unaona ngozi inayong'aa na msasa unajaa sponji iliyoyeyuka. Na vaa barakoa jamani, ule unga ni mwepesi unaelea kibanda kizima.

Tundu ndilo linaloamua kama mpini utazunguka au la, na hapa hata EVA nzuri inaharibika kwa mtu mwenye haraka. Blanki hailingani, kwenye rodi hii ilikuwa milimita 16 mwanzo wa sponji ya mbele na 14 mwisho wake. Ukitoboa tundu moja la kunyooka, upande mmoja unabana na mwingine unaelea juu ya gundi. Lazima tundu nalo lipungue pole pole, nimelipanua kwa kijiti nilichobandika msasa, najaribu, natoa, najaribu. Kwa EVA ya kati naacha tundu dogo kuliko blanki kwa milimita moja hadi moja na nusu, kwa ile ngumu haifiki hata moja, maana ngumu haitanuki, ukilazimisha inapasuka mdomoni. Ile ya bluu ya mwanzo naamini ilitobolewa kwa drili moja tu, ndani ilikuwa laini kabisa haijakwaruzwa.

Blanki nikaipiga msasa wa 220 pale tu mpini unapokaa, nikafuta kwa spiriti, epoksi ya taratibu ya kukauka usiku mzima, sio ile ya dakika tano. Ya dakika tano inaanza kukaza sponji ikiwa katikati ya safari na baharini haivumilii maji sana. Epoksi mbichi inasaidia pia kutelezesha, unasukuma sponji huku unazungusha ili ndani pote papakwe, na ukifika unaisukuma ijibane milimita mbili hivi dhidi ya siti, kwa sababu EVA ikikaa kwenye joto miezi na miezi huwa inasinyaa kidogo kwa urefu na usipoiwekea akiba hiyo utaona mwanya mweupe. Mwisho mwisho wa kila sponji nimezungushia epoksi kama ukuta mdogo, EVA yenyewe hainywi maji ila maji yanapenda kupita kati yake na blanki.

Rodi ikaenda baharini kaskazi nzima. Iliporudi kuangaliwa, siti imetulia, hamna mlio wowote. Nikaifunga blanki kwenye jiti nikaikamata sponji ya mbele kwa mikono miwili nikaizungusha kwa nguvu zangu zote, haikucheza, na alama za milimita nilizochora kwa peni pembeni ya siti bado zilikuwa zimelingana. Imepauka kidogo juani, nyeusi imeanza kuwa na ukijivu, hilo sina la kulifanya na halipunguzi kazi. Nyuma bomba limeanza kuacha alama, sio mfereji, alama tu.

Hapo nikamwambia nahodha, kaka, sponji haitashinda chuma chenye ncha milele, tuliangalie bomba. Midomo ya mabomba yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno na haikuwahi kusagwa. Tumeisaga kwa tupa, akavisha kila mdomo kipande cha hosi ya maji kilichopasuliwa ubavuni. Anazo rodi nyingine mbili zenye mipini ile ile ya bluu, tumekubaliana mbele na katikati tunafumua zote sasa hivi kabla kusi haijakaza, nyuma tunaziacha kama zilivyo mpaka tuone hizo hosi zinafanya kazi gani, kwa sababu zikishika vizuri hatutahitaji hata ile soli ngumu, ya kati itatosha na ataupata ule mfanano wa rangi aliokuwa anautaka.